Chenga Nyeupe Kwenye Sanduku la Kioo

Mwezi uliopita nilikwenda kumsalimia mwanangu Kariakoo. Anakaa ghorofani siku hizi, juu kabisa, na ukisimama dirishani kwake unayaona mabasi ya mwendokasi yakielekea Gerezani. Ngazi zilikuwa bado ziko magotini mwangu, sijanywa hata maji, mjukuu wangu akanishika mkono. "Shikamoo bibi. Njoo uone kitu." Kitu chenyewe kumbe ni tangi la samaki. Na si samaki wa mtoni, hapana, wa baharini, na maji yake ya chumvi, mawe yake ya matumbawe na taa yake ya buluu. Alikuwa amelijaza juzi tu. Ndani ya maji yale, mwenzangu, kulikuwa na chenga nyeupe zinaelea. Hazipandi wala hazishuki, zinazunguka polepole tu, kama zina mtu zinamtafuta.

"Ni kawaida, bibi," akaniambia. "Tangi jipya hilo. Nimeuliza watu kwenye simu, wengine wanasema mchanga haukuoshwa vizuri, wengine wanasema nisubiri." Alikuwa anacheka. Mimi nilikuwa nimeshatafuta kiti kwa mkono, bila kugeuza macho, nimekaa, na jasho linanitoka shingoni kwenye chumba chenye kiyoyozi. Mtu mzima mwenye wajukuu, naogopa vumbi la majini. Ungeniuliza pale naogopa nini ningekujibu: naogopa baba atachukuliwa. Na baba alikwisha kufa zamani, kitandani kwake, kwa amani.

Basi tulia nikusimulie, maana mjukuu sikumwambia. Watoto wa sasa ukiwaambia habari za woga wa wakati ule wanadhani unatunga.

Nyumba yetu ilikuwa hapo hapo Kariakoo, nyumba ya Kiswahili ya vyumba vya kupangisha, ukumbi katikati, na uani kuna jiko, choo na bomba lililotoa maji likijisikia. Miaka yenyewe ni ile ya Ujamaa, mwishoni mwishoni, madukani kumekauka. Tulikula ugali wa unga wa njano. Sabuni ilikatwa vipande kwa uzi, na kipande kikipotea nyumba nzima inapekuliwa. Ukiona watu wamejipanga mahali unajipanga kwanza, halafu ndiyo unauliza kinauzwa nini. Sisi watoto tulijua kupanga foleni kabla ya kujua kusoma, na nisikudanganye, tulifurahi pia, kwa sababu foleni ilikuwa na michezo yake na hadithi zake. Lakini lilikuwepo neno moja ambalo likitajwa watu wazima walipunguza sauti. Hujuma.

Neno hilo nililijua kwa macho. Kwenye kona yetu palikuwa na duka, na mwenye duka alikuwa mtu mpole, anayetupa watoto ubuyu bila kuombwa. Siku moja mchana kweupe ikaja gari, wakashuka wanaume, wakatoa maboksi ya sabuni kutoka uvunguni mwa kitanda chake, wakayapanga barabarani ili kila mtu ayaone. Yeye wakampandisha gari akiwa na kandambili miguuni. Mkewe alitoka mbio na viatu mkononi, gari likawa limeshaondoka. Akabaki amesimama pale na vile viatu. Tangu hapo nikisikia gari linapunguza mwendo mbele ya nyumba yetu, naangalia kwanza baba amevaa nini miguuni.

Baba alikuwa fundi vioo. Karakana yao ilikuwa Gerezani, karibu na reli, na kila jioni alirudi na vumbi la kioo kwenye nyusi, anaimba. Kioo wakati ule kilikuwa adimu. Dirisha likivunjika watu waliziba kwa boksi. Ndiyo maana siku aliyorudi akasema shirika moja la umma limempa vioo vizima, vinene, vilivyotoka kwa kibali, atengeneze sanduku la samaki, mama aliacha kuchekecha unga.

"Sanduku la samaki la nini?"

"La kuweka mlangoni kwao. Wana mgeni mkubwa anakuja, wanataka akiingia tu aone samaki wa bahari yetu wakiwa hai."

Mama akauliza kama samaki wa kuliwa wamekwisha hata ibaki kazi ya kuwatazama. Baba hakucheka. Alisema meneja wa shirika ameagiza sanduku lisimame kwanza uani kwetu, kwa sababu ofisini wanapaka rangi. Lijazwe maji, samaki wazoee, na yeye akiridhika ndipo lori lije kulichukua. Hakutaka samaki wafe mbele ya mgeni.

Likasimama uani, juu ya meza ya mbao nzito, karibu na ukuta wa jiko. Lilikuwa zuri, sikufichi. Sijawahi kuona tena kitu kizuri kama kile kikiwa mahali pabaya namna ile, katikati ya sufuria na kamba za nguo. Baba na vibarua wakaenda na mkokoteni ufukweni, alfajiri, maji yakiwa yamejaa, wakarudi na madebe yanamwagika njia nzima.

Bibi, mama yake baba, alikuwa amekaa kwenye kigoda chake mlangoni. Bibi yangu alikuwa mtu wa Kilwa, mdogo wa mwili, mkali wa mdomo, na hakuwa mbali na kijaluba chake cha shaba alimowekea tambuu, popoo na ile chokaa nyeupe ya kupaka kwenye jani kabla ya kutafuna. Mimi aliniita mke mwenza, na tukigombana alisema atarudi kwao aniachie mume, wakati babu alikwisha kufa kabla sijazaliwa. Aliposikia madebe yanatua akauliza, "Mmeyachota wapi hayo?"

"Ufukweni, mama."

"Alfajiri?"

"Ndiyo, mama, maji yakiwa safi."

Akaacha kutafuna. Unajua, kwa watu wa pwani wa umri wake, mtu akiandamwa na mikosi, ndoa hazikai, watoto hawakai, kazi haishiki, anapelekwa baharini alfajiri kuoga. Anaoga, anaiacha mikosi yake majini, anarudi bila kugeuka nyuma. Bibi mwenyewe alikwisha kupeleka watu. "Watu wanakwenda pale kutua mikosi yao," akasema, "nyinyi mnakwenda kuibeba kwa madebe." Akachukua kigoda chake akaingia ndani. Kuanzia siku hiyo hakupita karibu na sanduku. Akienda jikoni alizunguka upande wa chooni, na kanga amejifunika mdomo.

Mawe yalikuwa jambo jingine. Mvuvi aliyeleta samaki alitaka kutupatia na mawe yake ya baharini, meusi, yana utelezi, yananuka. Meneja alikuwa ameshasema anataka kitu cheupe, kisafi, cha kupendeza. Baba akawaza, akaenda kwa wauza chokaa, wale wanaochoma matumbawe kwenye tanuri ili watu wapake nyumba zao Idi ikikaribia. Akachagua mawe mazuri, makavu, meupe pe, akayapanga ndani ya maji, juu ya mchanga, mithili ya kilima kidogo. Wakatiwa samaki wawili aina ya kitatange, wa njano na mistari myeusi, wamekaa kama wamevaa sare. Nilisimama mbele ya kioo mdomo wazi. Jioni ile ile zile chenga zikaanza.

Mwanzoni zilikuwa chache. Kesho yake maji yote yalikuwa nazo, na kwa mbali ungedhani mtu amemwaga humo maji ya kuoshea mchele. Baba akasema ni mchanga. Akautoa mchanga, tukauosha bombani mpaka vidole vikanyauka, akaurudisha. Chenga zikaongezeka. Akachukua shuka la mama, akayachuja maji yote debe kwa debe, mama analiangalia shuka lake linavyochafuka. Yakakaa meupe vile vile.

Meneja alikuja kuangalia wakati tunayachuja. Alikuwa amevaa suti ya mikono mifupi, amebeba mkoba, amesimama mbali ili asilowe. Akachungulia.

"Ndugu fundi, hivi vinavyoelea ni nini?"

"Vumbi, Ndugu Meneja. Litatulia."

"Lini?"

Baba akaendelea kukamua shuka. Meneja akatoa leso, akajifuta paji la uso, akaikunja tena vizuri. Akasema kwa sauti ya chini, karibu ya kirafiki, "Vioo hivi ni mali ya umma, na kibali nimekitia saini mimi. Mgeni akija akakuta sanduku tupu, au samaki wamekufa humu, wataniuliza nani ameharibu. Na mimi nitawaambia nani ameharibu. Kuna jina la mambo hayo, ndugu, na wewe unalijua. Nitarudi Ijumaa."

Hakulitaja lile neno. Hakuna mtu uani ambaye hakulisikia. Leo nikiwaza naona na yeye aliogopa, pengine kutuzidi, maana leso ile aliitoa tena mara tu alipotoka mlangoni. Lakini mtoto hajui kwamba mkubwa naye anaogopa. Mimi niliona kandambili za mwenye duka. Nikaenda chumbani kwa baba na mama, nikavitafuta viatu vya baba vya ngozi, nikaviweka karibu na mlango, vimeelekea nje. Nilitaka wakija tu avivae.

Baba aliacha kuimba. Alikaa mbele ya kioo kile anayatazama maji, na mimi nikapewa kazi yangu. Hatukuwa na mashine ya kupulizia hewa, kwa hiyo mtu alitakiwa achote maji ya sanduku kwa kopo, ayainue, ayamwage tena kutoka juu, ili samaki wapate pumzi. Shule zilikuwa zimefungwa. Nilipanda juu ya kinu kilichogeuzwa nikawa nachota na kumwaga, nachota na kumwaga, asubuhi mpaka mwadhini anaita magharibi. Nikichoka namwona kitatange mdomo wake unafunguka na kufunga, naongeza mwendo.

Kwenye chumba cha mbele alipanga mama mmoja wa Kilimanjaro, mcheshi, anayeuza vitambaa. Bahari alikuwa haipendi kabisa, alisema maji yasiyonyweka ni ya nini. Alimwonea huruma baba, akaja na kipande cha shabu ya mumewe, ile ya kujipaka baada ya kunyoa. "Shemeji, maji yakiwa machafu unazungusha hii tu, uchafu unakwenda chini. Sote tunafanya hivyo." Na kweli sote tulifanya hivyo, maji ya bomba yakija na matope. Baba akaizungusha. Mwenzangu, ilikuwa kama kutia ndimu kwenye maziwa. Chenga zilishikana zikawa mapande, yanapanda na kushuka, na kitatange mmoja akalala ubavu. Mama wa chumba cha mbele akatoka uani kinyumenyume, shabu yake mkononi.

Samaki yule alikufa kabla ya adhuhuri. Baba alimtoa kwa mikono miwili, akamfunga kwenye gazeti, akamzika nyuma ya choo, na mimi nikiwa nimemshikia jembe. Akachuchumaa akanishika mabega. "Usimwambie mtu. Hata mama yako." Nilikuwa sijawahi kuisikia sauti ile kwake. Ilikuwa sauti ya mtoto mwenzangu.

Ikabaki kazi ya mawe. Baba akaona labda uchafu umejificha kwenye matundu yake, na mkono wangu ndio mwembamba unaopenya. Nikayasugua kwa kumbi la nazi humo humo majini, kila tundu, kila ufa, kwa bidii yangu yote, na kadiri nilivyosugua ndivyo maji yalivyozidi kuwa meupe. Wakati huo ndipo mikono yangu ilipoanza. Kwanza ngozi ilikauka ikawa inavutika. Halafu ikapasuka kwenye maungio ya vidole, ikawa myekundu, na kuchoma, uwiii, nilikuwa nauma kanga.

Mimi nilijua ni nini. Ni mikosi, imeniingia. Nilikuwa nimeshazigawa zamani chenga zile kichwani mwangu: hii ni ya mwanamke aliyeachwa, ile ni ya aliyezika watoto, ile kubwa ni ya mtu aliyechukuliwa na gari. Nilipochota kopo nilijitahidi kuzikwepa, utakwepa wapi. Kusema sikusema. Ningesema wangenitoa kwenye ile kazi, samaki aliyebaki angekosa pumzi angekufa, Ijumaa ingefika, na baba angechukuliwa. Hesabu yangu ilikuwa fupi namna hiyo. Nikawa naficha mikono kwenye kanga, nalala nimeikalia.

Ilikuwa Jumatano, mchana, tumekaa kwenye mkeka tunakula. Dagaa walikuwa wamekamuliwa ndimu. Nilichovya tonge, ndimu ikaingia kwenye ile mipasuko, mkono ukanitoka wenyewe na tonge likaangukia katikati ya sinia. Bibi akanidaka kifundo cha mkono. Akaugeuza mkono wangu juu chini, akatoa na wa pili kutoka kwenye kanga.

"Toka lini?"

Nikalia. Mama naye akaanza kulia aliponiona, na baba alikuwa amesimama tayari, anaitazama mikono yangu na kulitazama sanduku. Mama wa chumba cha mbele alitoka kuona kuna nini akajishika kichwa.

"Inawasha au inachoma?" bibi akauliza.

"Inachoma."

Akaniachia. Akainuka taratibu, akajifunga kanga vizuri kiunoni, na kwa mara ya kwanza tangu madebe yale yatue nikamwona anakwenda kwenye sanduku. Moja kwa moja, bila kuzunguka upande wa chooni. Baba akasema, "Mama, acha." Hakugeuka. Akasimama pale, midomo inacheza, anasoma dua. Kisha akatia kidole majini, akakinga chenga moja juu ya ukucha, akaiangalia juani. Mimi nilikuwa najua anachoamini kuhusu maji yale, na yeye alikuwa anajua kuliko sisi sote. Akasema bismillahi, akakiweka kidole ulimini.

Hata mama wa chumba cha mbele alifumba macho. Bibi alifunga mdomo, mashavu yakaingia ndani, akameza. Halafu akaomba kijaluba chake. Mama akampelekea mbio. Akakifungua, akachota chokaa kidogo kwa kidole kile kile, akailamba.

"Chokaa," akasema. "Mawe yako haya, mwanangu, yameiva nusu. Umemtia mtoto kwenye chokaa mbichi, na samaki wako umewatia humo humo."

Baba akakaa chini kwenye mchanga uliolowa, akashika kichwa kwa mikono miwili. Kicheko kilimtoka ambacho hakikuwa kicheko. Mawe ya tanuri! Yalipoingia majini yakawa yanaachia chokaa, na mimi kwa kuyasugua nilikuwa naisaga. Watu wote wa mtaa ule walipaka nyumba zao chokaa, wote tulijua jinsi inavyokula mikono, na hakuna aliyewaza, kwa sababu kila mmoja alikuwa anawaza gari.

Shughuli ya mchana ule usiombe. Samaki aliyebaki akatiwa kwenye ndoo ya maji ya mvuvi. Maji yote yakamwagwa, mawe yakatupwa uchochoroni, kioo kikasuguliwa kwa ndimu. Mama alinipaka mafuta ya nazi mikononi akanifunga vitambaa. Baba akaenda tena ufukweni, safari hii mbali zaidi, kwa heshima ya mama yake, akarudi na maji na mawe yale meusi yanayonuka na kitatange mwingine. Maji mapya nayo yalikuwa na vumbi lake. Baba alipotaka kulichuja, bibi alivuta kigoda akakaa mbele ya sanduku na kipande cha fimbo mapajani. "Atakayetia mkono humu simwachii. Kaeni mbali. Yanatulia."

Kila mtu alikuwa na nafuu isipokuwa mimi, maana nilikuwa namtazama bibi. Kabla ya kukaa pale alikuwa ameoga, amevaa doti jipya la kanga alilolihifadhi kwenye kasha lake na lenye harufu ya udi. Alimwita mama akamwambia kanga zipi ziende kwa nani. Mama alidhani ni maneno ya wazee. Alimwambia na mahali ilipo sanda yake. Kijaluba alikipangusa kwa majivu kikang'aa, akakiweka dirishani, hakukigusa tena. Pale nikaelewa, na woga wangu wote uliokuwa kwa baba ukahamia kwake. Alikuwa amejua kwamba chenga ni chokaa, ndiyo. Lakini maji ni maji yale yale waliyoogea watu mikosi yao, na yeye ameyameza.

Ijumaa maji yalikuwa hayaonekani. Ungedhani samaki wanaelea hewani. Meneja alikuja na watu wake na lori, akainama, akatazama upande huu, akazunguka akatazama upande ule. Kitatange walimpita mbele ya pua. Akanyoosha mgongo, akampa baba mkono, akasema, "Umefanya kazi ya taifa, ndugu fundi." Leso haikutoka mfukoni. Wakayatia maji kwenye mapipa, samaki kwenye ndoo, wakalibeba sanduku kama jeneza, miguu inakanyagana, meza nyuma yake, lori likaondoka. Baba alisimama mlangoni mpaka mlio wa gari ukapotea. Alirudi ndani akavikuta viatu vyake pale nilipoviweka. Alivitazama, akanitazama. Akavichukua akavirudisha uvunguni bila kuniuliza.

Mgeni alikuja au hakuja, sisi hatukujua. Hakuna aliyetuambia, na hatukuuliza.

Mchana huo uani palibaki alama nne za miguu ya meza kwenye mchanga, na bibi amejilaza kwenye mkeka wake barazani, ubavuni, ameelekea kibla. Nilikaa karibu nikaanza kuangalia kanga yake pale kifuani, kama inapanda. Inapanda, inashuka. Ikichelewa kidogo, na mimi nazuia pumzi. Nikamwuliza taratibu, maana sikuweza tena kukaa nalo, "Bibi, kwa nini uliyalamba?"

Hakufungua macho. "Nilikaa humu ndani nikasikia kila mtu anasema atachukuliwa, atachukuliwa. Nikasema basi, kama kuna wa kuchukuliwa katika nyumba hii, nichukuliwe mimi. Mwanangu bado ana watoto wa kulea. Mimi nimeshakula vya kutosha." Akavuta kanga. "Sasa hata kuchukua hawanichukui. Kaa mbali, unaniziba upepo."

Sikukaa mbali. Nyumba ile haipo, ilivunjwa miaka mingi sasa, na pale uani petu pana ghala la nguo za mitumba na taa zinazowaka mchana. Foleni zimekwisha, tunashukuru. Mlango wa mwanangu huko juu una kufuli tatu, na jirani yake simjui hata kwa sauti. Nikipita pale najiuliza ni nani amebaki, katika ukoo wetu wote, ambaye angeliendea lile analoliogopa kuliko yote, alitie mdomoni, kwa ajili ya mikono yangu. Nikihesabu, ni mimi ndiye ninayetakiwa kuwa huyo mtu sasa, na sijui kama ninaweza.

Siku ile alifungua jicho moja akanikuta bado namtazama. "Unanilinda nini, mke mwenza? Nikifa nitakuambia."

Hakuniambia. Alikufa miaka mingi baadaye, mchana kama ule, kwenye mkeka ule ule, na mimi nikiwa Buguruni nimekwenda kununua vitunguu.